Treni ya siku moja kutoka Kisumu kupanda Mau: kwa nini watu 64 wageuzie Fort Ternan

Chama kimoja cha akiba mjini Kisumu kinataka kukodi treni Jumamosi moja ya kiangazi, mwishoni mwa Januari. Pamoja na familia zao ni watu 64: watoto wa chini ya miaka 12 ni 19, wazee waliopita miaka 70 ni saba, mama mmoja anatumia kiti cha magurudumu, na kijana mmoja wa sekondari ana ugonjwa wa selimundu (sickle cell). Ombi lao ni fupi. Wapande Mau kwa reli hadi Mau Summit, wale chakula cha mchana huko juu kwenye ubaridi, warudi Kisumu siku hiyo hiyo kabla ya giza. Kundi hili ni la mfano, ila njia, mwinuko na saa za jua ni zile zilizopo, na kila anayepanga safari ya aina hii kutoka upande wa ziwa lazima ajibu swali moja mapema: treni igeuzie wapi?

Ushauri wetu ni Fort Ternan, stesheni ya njiani. Mau Summit waiache. Sababu haimo kwenye nguvu ya injini wala kwenye bei; imo kwenye kushuka.

Njia yenyewe

Reli ya Kisumu ni ile ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, iliyofika ziwani Desemba 20, 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kwenda ziwani na kuvuka kwa meli hadi Uganda, mpaka reli ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka wa 1931. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 217. Kipande hiki kilikaa miaka bila treni ya abiria, kikakarabatiwa, na treni ya Nairobi hadi Kisumu ikarejea Desemba 2021.

Ukitoka Kisumu unapita Kibos, Miwani na Chemelil hadi Muhoroni. Hiyo ni tambarare ya Kano na mashamba ya miwa, kama kilomita 55. Baada ya Muhoroni ndipo reli inapoanza kupanda kwa dhati: Koru, Fort Ternan, Kipkelion (ramani za zamani huiita Lumbwa), Londiani, kisha Mau Summit. Ziwa liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit ni karibu mita 2,536. Kwa hiyo treni inapandishwa mita 1,400 hivi katika karibu kilomita 150, na sehemu kubwa ya mwinuko huo imebanwa kwenye kilomita 95 za mwisho. Wanaotafuta stesheni ya mita 2,743 wanaizungumzia Timboroa, ambayo iko kwenye njia ya Eldoret. Treni ya Kisumu haipiti huko.

Wajenzi waliukwepa mwinuko mkali kwa kuizungusha reli ifuate mikunjo ya vilima, na kuvuka mabonde kwa madaraja ya chuma. Kampuni ya American Bridge ya Marekani ilipewa kandarasi ya madaraja 27 ya namna hiyo. Kuna milima duniani ambako treni hupanda moja kwa moja: kule Pilatus, Uswisi, tangu 1889 inapanda hadi mita 48 kwa kila mita 100, lakini ile ina magurudumu ya meno yanayong'ata reli ya tatu katikati. Ya kwetu hushika kwa uzito wake tu, chuma juu ya chuma, ndiyo maana hata penye mwinuko mkali tunahesabu kama mita 2 kwa kila 100. Hapa abiria hupata faida ambayo wa Pilatus hawana. Kona moja baada ya nyingine, unaiona njia uliyopita ikiwa chini yako.

Hesabu ya saa

Treni ya Nairobi hadi Kisumu ilipangiwa usiku kucha, kama saa kumi na mbili kwa zaidi ya kilomita 400. Huo ni wastani wa kilomita 34 kwa saa, na ndani yake mna sehemu nyepesi. Kwa treni ya kukodi, ambayo itasubiri treni za mizigo zipite na itapunguza mwendo penye reli dhaifu, hesabu ya busara ni kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare na 20 kwa saa mlimani. Kushuka kuhesabiwe sawa na kupanda. Hapa ndipo wapangaji wengi hupotea: wanadhani treni itashuka haraka kwa sababu inateremka. Ukweli ni kwamba dereva anayeshuka ndiye anayejizuia zaidi.

Sasa tuijaribu Mau Summit. Waondoke Kisumu saa 1:00 asubuhi. Muhoroni wafike saa 2:50, wasimame dakika 15, kisha kilomita 95 za mlima kwa mwendo wa 20 ni saa nne na dakika 45. Wanafika juu saa 7:50 mchana. Kuihamisha injini na kupima breki kunakula karibu saa nzima, kwa hiyo hata wasipokaa wanaondoka saa 8:50. Wanafika Kisumu saa 3:40 usiku. Jua la Kisumu mwishoni mwa Januari huzama karibu na saa 1:00 jioni, na wakati huo treni hii ingekuwa bado juu ya Muhoroni, inashuka kwenye kona, watoto 19 wamelala mapajani na mwanga wa simu ndio taa. Karibu saa kumi na nne kitini kwa saa moja ya juu, nayo saa hiyo inatumika kuangalia injini ikizunguka.

Fort Ternan, kama kilomita 80 kutoka Kisumu, ina hesabu nyingine kabisa. Wanaondoka saa 1:00, Muhoroni saa 2:50, wanatoka 3:05, na kilomita 25 za kupanda kwa mwendo wa 20 zinawafikisha saa 4:20 asubuhi. Wakiondoka saa 8:00 mchana wana saa tatu na dakika 40 za kutembea, kula na kupumzika. Muhoroni wanashukia saa 9:15, wanasimama dakika 15 ili magurudumu na breki zikaguliwe, na Kisumu wanaingia saa 11:20 jioni. Kabla ya giza wamebakiwa na zaidi ya saa moja na nusu ya akiba. Akiba hiyo ndiyo mpango wenyewe. Ukianza kuila kwa kuongeza stesheni moja mbele, umerudi kule kwenye saa 3:40 usiku.

Mwenyekiti atasema, "Basi tufike Londiani tu, si ni hapo mbele?" Aelezwe kwa utaratibu: "Mama, kutoka Fort Ternan hadi Londiani ni kama saa tatu nyingine za kupanda, na tatu za kushuka." Akiandika saa hizo sita kwenye karatasi yake mwenyewe, hoja imeisha bila ubishi.

Kushuka

Tuchukue treni ndogo: injini ya tani 100 na mabehewa matatu ya tani 40 kila moja, mawili ya watu na moja la chakula, vifaa na gadi (msimamizi wa treni). Jumla tani 220. Abiria wote 64 hawafiki tani 5, kwa hiyo kubishana juu ya idadi ya watu hakubadilishi lolote kwa injini. Penye mwinuko wa 2 kwa 100, nguvu ya kuivuta ni tani 4.4, ongeza kama tani 1 ya msuguano na kona. Injini ya tani 100 kwenye reli kavu inaweza kushika kwa karibu robo ya uzito wake, yaani tani 25. Hata reli ikiwa imelowa au ina majani na mshiko ukashuka hadi tani 10, bado inatosha, na ina mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Kupanda basi hakuna wasiwasi mkubwa. Ni treni ya mizigo ya mabehewa mengi inayokwama na kuteleza, sio hii.

Kushuka ni kinyume chake. Tani 220 zikiteremka mita 400 hutoa nishati ya uniti 240 hivi za stima, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Kutoka Mau Summit ni uniti 840. Nishati hiyo yote lazima iende mahali. Sehemu huliwa na msuguano, sehemu injini yenyewe inaweza kuigeuza kuwa umeme na kuitupa hewani kama joto ikiwa breki hiyo ya umeme inafanya kazi, na iliyobaki inaingia kwenye vyuma vya breki vinavyobana magurudumu. Vyuma hivyo vikipata moto kupita kiasi vinapoteza mshiko, dereva anabana zaidi, vinazidi moto. Dawa yake inajulikana na kila dereva wa milimani: kushuka polepole tangu mwanzo, kabla ya kulazimika. Kwa hiyo kundi lisimwombe dereva "akaze kidogo tufike mapema." Ombi hilo likitoka kwa mwenyekiti mwenye sauti, mbele ya watu 64, linakuwa shinikizo.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kulikadiria ukiwa nyumbani, nalo ni kuigeuza treni. Injini ikifika Fort Ternan iko upande wa mlimani. Ili ivute kurudi Kisumu inabidi ifunguliwe, ipite kwenye reli ya pembeni ya kupishana, ifungwe upande wa pili. Hiyo reli ya pembeni lazima iwe wazi, isiwe imejaa mabehewa ya mizigo wala kung'olewa vipande, na swichi za kuingilia na kutokea zifanye kazi pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja umefungwa, treni imekwama na kichwa mbele. Isishushwe kwa kusukumwa huku dereva akiwa nyuma haoni njia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shirika la reli, kabla ya bei, liwe: reli ya kupishana ya Fort Ternan itakuwa wazi Jumamosi hiyo? Jibu likiwa hapana, kuna njia mbili. Ama injini iwekwe kila mwisho wa treni, gharama ipande, ama safari igeuzie Muhoroni, ambako mlima unaonekana lakini haupandwi.

Injini ikishahamishwa, breki zipimwe upya. Hili linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ndilo kosa dogo lenye madhara makubwa kuliko yote. Kati ya injini na behewa la kwanza kuna bomba la hewa la breki, na kila upande una koki yake. Mfanyakazi anaunganisha mabomba, na anatakiwa kufungua koki zote mbili. Akisahau moja, kwa macho kila kitu kiko sawa: bomba limeunganishwa, kiungo kimefungwa, honi inalia. Lakini hewa ya dereva inaishia kwenye injini. Akikanyaga mlimani, injini pekee ndiyo inayobana, na mabehewa ya tani 120 yanaisukuma kwa nyuma. Kipimo sahihi ni hiki: hewa ijazwe, gadi asome geji kwenye behewa la mwisho kabisa, dereva abane, mtu atembee kando ya treni nzima akitazama vyuma vya breki vimegusa magurudumu ya kila behewa, kisha dereva aachilie na mtu huyo arudi akithibitisha vimeachia. Dakika 20 hadi 30. Kazi ya kundi katika dakika hizo ni kukaa mbali na mabehewa, hasa watoto wasipite katikati ya behewa na behewa wala kutambaa chini kuokota mpira.

Tambarare nayo ina hila

Watu huuogopa mlima na kuisahau Kano. Udongo mweusi wa Kano huvimba ukinyeshewa na hupasuka ukikauka. Kiangazi mipasuko hufunguka, kokoto huzama, reli moja hukaa chini kuliko mwenzake, na treni huamriwa ipite polepole. Kwa hiyo kuchelewa kwa nusu saa kabla ya kuuona mlima ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye ratiba yetu kuchelewa huko kunakatwa kutoka muda wa Fort Ternan, kamwe sio kutoka saa ya kuondoka. Saa 8:00 mchana ibaki saa 8:00 hata kama walifika saa 6:00.

Muhoroni iwe mahali pa kuamua. Ikiwa treni haiwezi kutoka Muhoroni kabla ya saa 5:45 asubuhi, isipande. Ikitoka saa 5:45 inafika Fort Ternan saa 7:00 mchana, na saa moja iliyobaki inatosha tu kuhamisha injini na kupima breki. Uamuzi huo utangazwe kwa abiria siku ya kulipa tikiti, ili asubuhi hiyo uwe ni utekelezaji. Ukiachwa uamuliwe papo hapo, kila mzazi atakuwa na maoni yake.

Mvua nayo, hata kiangazi, ukanda wa ziwa hupata ngurumo za alasiri. Reli iliyolowa inarefusha umbali wa kusimama. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa chini ya Koru kabla ya saa 9:30.

Kukodi na pesa

Barua iende kwa shirika la reli mapema, tuseme miezi miwili kabla, ikitaja tarehe, idadi ya watu na umri wao, stesheni za kusimama na dakika za kila moja, kiti cha magurudumu, na ombi la reli ya kupishana. Ombeni bei kwa maandishi, na muulize mambo matatu ambayo hujificha ndani yake: injini na mabehewa yanatoka wapi, nani analipia safari yake tupu ya kuja na kurudi, na bima inamhusu abiria kuanzia wapi hadi wapi. Ratiba ya wikendi iliyoanza nayo treni ya Nairobi ilitoka huko Ijumaa jioni na kuondoka Kisumu Jumapili jioni. Mabehewa yanayolala Kisumu Jumamosi yanaweza kupunguza gharama ya safari tupu. Lakini mabehewa yaliyofika alfajiri hayawezi kutoka saa 1:00. Lazima yasafishwe, yakaguliwe, maji ya vyoo yajazwe. Mkikubali hayo, kuondoka kunakuwa saa 3:00, na muda wa Fort Ternan unashuka hadi saa moja na dakika 40. Kwa kundi hili lenye wazee, tungelipia mabehewa mengine.

Mweka hazina asigawanye bei kwa 64. Bei ya treni haipungui mtu akikosa. Tuchukue shilingi 320,000, namba ya mfano tu wa hesabu. Kwa watu 64 ni 5,000 kila mmoja. Wakikosa 12 siku ya mwisho, zimeingia 260,000 na chama kina deni la 60,000. Akigawanya kwa 54 na kukata 6,000, hata wakikosa hao 12 zinaingia 312,000, na pengo ni 8,000 linalozibika. Wakija wote, kinachozidi kinalipia chakula. Tarehe ya mwisho ya kurudishiwa pesa iandikwe kwenye risiti.

Watu, chakula na viti

Kijana mwenye selimundu ni sababu peke yake ya kutofika Mau Summit. Hewa nyepesi ya zaidi ya mita 2,000, baridi, na kukosa maji ni vitu vitatu vinavyoweza kumletea maumivu makali, na Mau Summit inampa vyote kwa pamoja. Ukipanda mita 1,400 joto hupungua kama nyuzi 9, na upepo wa dirishani hufanya baridi ihisiwe zaidi. Fort Ternan iko zaidi ya mita 400 juu ya ziwa, tofauti ambayo wengi wao huizoea bila shida. Hata hivyo daktari wake aulizwe kabla, anywe maji tangu siku iliyotangulia, na awe na sweta na dawa zake begi moja, mkononi, sio kwenye behewa la vifaa. Hili lisemwe na mzazi wake kwa mtu mmoja wa huduma ya kwanza. Halihitaji kutangazwa kwa kundi zima.

Maji ni lita 2 kwa kila mtu, jumla 128. Mitungi saba ya lita 20 inatosha na kubakiza. Chakula kiwe kikavu: chapati tatu kila mtu, viazi vitamu, njugu, ndizi, mayai mawili ya kuchemsha (mayai 128, yaani treyi tano). Tunajua pilau ndiyo itakayotakwa. Wali uliopakiwa moto saa 11 alfajiri, ukafungwa kwenye sufuria kubwa na kukaa vuguvugu hadi saa 7 mchana ndani ya behewa lenye jua, ni mahali ambapo vijidudu vya kutapisha na kuharisha hustawi, na kuupasha moto baadaye hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Vyoo vya behewa havimudu watu 20 wanaohara kwa pamoja. Samaki wa kukaanga waachwe kwa siku ya nyumbani.

Viti vipangwe kwa jua. Mwezi wa Januari jua la huku hupita upande wa kusini siku nzima. Mkienda, upande wa kushoto ni kaskazini: kuna kivuli, na ndiko ukingo wa Nandi unakoonekana kuanzia Miwani, kisha vilima vya Tinderet. Wazee wakae huko. Kumbuka kwamba mabehewa hayageuzwi Fort Ternan, ni injini tu inayohama, kwa hiyo aliyekaa kaskazini asubuhi atakuwa kaskazini jioni pia. Msipobadilishana viti, nusu ya watu watarudi bila kuuona ukingo wa Nandi na wakiwa wameungua mkono mmoja. Wazee waachwe walipo. Vijana na watu wazima ndio wabadilishane.

Mama wa kiti cha magurudumu anahitaji watu wanne na ubao imara, kwa sababu kutoka ardhini hadi sakafu ya behewa ni juu sana na stesheni ndogo hazina jukwaa la kimo hicho. Jaribio lifanywe Kisumu wiki moja kabla, kwenye behewa la aina ile ile. Mlango wa behewa la zamani unaweza kuwa mwembamba kuliko kiti. Ikiwa ndivyo, kiti kikunjwe na yeye abebwe kwenye kiti cha kawaida. Yeye ndiye wa kuamua kama hilo linamfaa.

Kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja aliyetajwa jina: 19 ni watu wazima wanne. Madirisha yafunguliwe nusu ya juu tu. Penye madaraja na makorongo, matawi na nguzo hupita karibu na behewa, na mkono ulionyooshwa nje kupiga picha ndio unaoumia.

Fort Ternan kuna nini

Hoja ya mwisho ya wanaotaka Mau Summit ni kwamba Fort Ternan ni stesheni tu. La. Hapo ndipo Louis Leakey alipopata mwaka wa 1961 mifupa ya nyani wa kale aliyempa jina Kenyapithecus wickeri, wa miaka milioni 14 hivi iliyopita, jina la pili likimuenzi mwenye shamba, Wicker. Majivu ya volkano ya Tinderet yalifunika wanyama wa wakati huo yakawahifadhi. Kwa watoto 19 hili ni somo ambalo hakuna mchana wa Mau Summit unaolishinda. Ruhusa na mwelekezi viombwe mapema kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kutoka stesheni wazee wapangiwe gari dogo. Kokoto na mifupa isiokotwe, hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Kundi ligawanywe mara mbili, nusu iende huku nusu ikila, na wote wahesabiwe stesheni saa 7:30 mchana. Wakihesabiwa 63, dakika 30 zinatosha kumtafuta mmoja.

Kurudi, Kano huvukwa machweo yakikaribia, na mbu wa ukanda wa ziwa huanza kazi. Mikono mirefu kwa watoto kuanzia Chemelil. Ikiwa mashamba ya miwa yanachomwa, madirisha ya upande wa upepo yafungwe mapema kwa wenye pumu.

Wanaoishi Kibos wataomba washushwe njiani. Treni husimama palipoandikwa kwenye barua ya kukodi tu, kwa hiyo kama Kibos inatakiwa iandikwe tangu mwanzo, pamoja na majina ya wanaoshuka na mtu wa kuwahesabu. Wengine wote washuke Kisumu, ambako matatu mbili zilizolipwa kabla ziwe zinasubiri kuanzia saa 11:00 jioni hadi saa 2:00 usiku.